Jike Halazimishwi

Nyumbani kwa Mwalimu waliishi wa kike wanne: mama yake mzazi, mkewe, binti yao mchanga, na chatu. Aliyehudumiwa kwanza kila asubuhi alikuwa yule asiye na miguu.

Mwalimu huyo hakuwahi kushika chaki. Darasa lake lilikuwa gari dogo lenye viti vilivyopasuka na breki ya pili upande wa abiria. Alifundisha watu udereva. Kutwa alikaa kando ya watu wanaotetemeka, akiwaambia kwa sauti ya asali: polepole, usilazimishe gia, sikiliza injini inakuambia nini. Wanafunzi walimpenda. Mkewe naye alimpenda, zamani, kabla hajagundua kwamba upole wa mumewe ulikuwa kama mwavuli wa ofisini: unawafaa watu huko huko, nyumbani hauji.

Mke mwenyewe alifanya kazi kwa dobi, katika chumba cha nyuma chenye mvuke na meza ndefu. Wenzake walimwita Pasi, na si kwa sababu ya kazi, ni kwa sababu ya ulimi. Mteja akileta suruali iliyoungua na sigara yake mwenyewe, akadai ni dobi aliyeiunguza, Pasi alimnyoosha palepale mbele ya watu, kola na mikono. Lakini nyumbani, tangu ajifungue, pasi ile ilikuwa imechomolewa kwenye umeme. Alimeza maneno asubuhi, akameza mchana, akalala nayo. Woga ulikuwepo, uchovu pia, na zaidi ya vyote ilikuwa dharau, maana dharau ikizidi kipimo mtu hajui hata aanzie wapi kusema.

Chatu aliitwa Bi Mkubwa. Mwalimu alimpa jina hilo kwa mzaha wiki ya harusi, kwa kuwa nyoka alikuwa ametangulia kuingia nyumbani. Wageni walicheka, bibi harusi akacheka pia, mjinga wa watu. Mzaha ule ukakaa, ukaota mizizi, ukawa sheria. Bi Mkubwa alikuwa na sanduku la kioo sebuleni mahali ambapo mtu mwenye akili angeweka kabati. Alikuwa na taa ya joto, kijumba cha mbao cha kujifichia na bakuli la maji lililooshwa kila siku. Panya wake waliogandishwa walikaa rafu ya juu ya friza. Maziwa aliyojikamua Pasi kwa ajili ya mtoto yalibanwa mlangoni, mahali ambapo baridi haifiki vizuri, na yalipoharibika Mwalimu alisikitika sana, akashauri ajikamue mengine.

Kila Jumapili Mwalimu alimpima. Alimlaza ndani ya beseni, akaliweka beseni juu ya mizani ya jikoni, akazuia pumzi kama mtu anayepiga picha. Kisha alimtoa, akampitisha mikononi taratibu kutoka shingoni hadi mkiani, macho yameelekea darini, vidole vikisikiliza.

"Bado," alisema kila mara. "Hajarudi huyu."

Maana mwaka uliopita Bi Mkubwa alikuwa ametaga. Alijizungusha juu ya mayai yake, akakataa kula mpaka mgongo ukachongoka, ngozi ikabaki kuning'inia. Mwalimu alikonda naye. Aliapa kwamba hatampandisha tena kwa dume mpaka mwili wenyewe useme uko tayari, na kiapo hicho alikishika kuliko alivyowahi kukishika kiapo kingine chochote, kile cha harusi kikiwemo.

Na katika msimu uleule Pasi naye alijifungua. Walimpasua baada ya mtoto kukwama, na baada ya kumpasua damu ikakataa kusimama. Alipozinduka, Mwalimu alikuwa amekaa kando ya kitanda, macho mekundu. Alikuwa amelia, tusimdhulumu, alilia kweli. Halafu, ili amchangamshe mkewe, akatoa simu akamwonyesha picha ya mayai.

Daktari aliwakalisha wote wawili kabla ya kuwaruhusu. Mwanamke mfupi, hana maneno ya mapambo. "Kidonda cha nje kitapona haraka, msidanganyike nacho," alisema. "Cha ndani hamkioni. Huyu asibebe mimba nyingine mpaka miaka miwili ipite, na hata hapo aje kwanza tumwangalie. Safari hii tulimrudisha. Ya pili siwaahidi." Mwalimu aliitikia kwa kichwa, kwa heshima zote, vile alivyowaitikia askari wa barabarani. Walipofika getini tu akasema madaktari siku hizi kazi yao ni kutisha watu.

Mtoto sasa alikuwa anaanza kukaa mwenyewe, mito ikiwa pande zote. Na Mwalimu alitaka mwingine, wa kiume.

Hapo ndipo alipoingia mama mkwe. Alikuwa amekuja tangu siku za kujifungua, kumsaidia mzazi kwa muda mfupi, akaleta sanduku kubwa, na kwa ukubwa wa sanduku Pasi akajua muda huo hauna mwisho. Mama mkwe alikuwa na gubu la mtu aliyesomea. Akimwogesha mtoto alisema. Akichambua mchele alisema. "Mtoto mmoja ni kama jicho moja, likiingia mchanga umekuwa kipofu." Naye alimchukia nyoka. Alikaa kwenye kiti chake cha pembeni akiwa amempa mgongo, na akila alitupia kitambaa juu ya kioo ili asitazamwe. Pasi alimdharau kwa yote mawili, kwa gubu na kwa kuogopa mnyama aliyefungiwa, na kwa jambo la tatu ambalo ndilo kubwa: kwamba alimzaa Mwalimu na hakuona haya.

Siku moja Mwalimu alikuta vidonge. Pasi alikuwa amevipata kwenye duka la dawa karibu na kazini, akavificha ndani ya soksi. Mwalimu hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa afadhali. Alivibandua kimoja kimoja mbele yake, akavitumbukiza chooni, akavuta maji, kisha akamshika bega kama mwanafunzi aliyegonga nguzo.

"Mwezi huu tuanze," alisema. "Jumapili, yule rafiki yangu Kofia akishaondoka, tukae tuelewane. Mimi sikulazimishi. Lakini ujue, wapo wanawake wanaolilia watoto. Wapo wanaotaka."

Pasi alielewa. Asingeweza kuhama: nyumba ilikuwa ya Mwalimu na mtoto alikuwa anaangaliwa na bibi yake kila Pasi alipokwenda kazini. Akikubali, pengine angerudi tena kwenye kile chumba cheupe, na safari hii hakuna aliyeahidi kumtoa. Akikataa, hakujua angelala wapi. Alikwenda kazini akanyoosha mashati ya watu, na kila alipoinamia meza kovu lilimvuta kama uzi uliofumwa vibaya.

Jumapili ikafika, na Kofia akafika nayo.

Kofia alikuwa rafiki wa Mwalimu, muuza makava ya simu pembezoni mwa barabara, mtu wa maneno mengi na haya kidogo. Naye alifuga chatu, dume, aliyejivunia kana kwamba alimzaa. Siku hiyo alimleta ndani ya foronya iliyofungwa fundo, kama wafugaji wanavyofanya. Pasi aliitazama ile foronya, akaona imefuliwa na nguo za rangi, akamdharau Kofia kabla hajaketi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Hicho kifuko kikae huko huko."

"Shemeji, mambo? Naona umenawiri."

"Karibu," alisema Pasi, akaenda kuweka maji ya chai jikoni.

Jikoni na sebule vilitenganishwa na pazia tu, kwa hiyo alisikia kila kitu. Kofia alikwenda moja kwa moja kwenye hoja. Dume wake amechachamaa. Chakula hali, usingizi halali, anazunguka sanduku zima anagonga kioo kwa pua. Amemleta leo waingizwe pamoja mambo yaishe, na watoto wawagawane nusu kwa nusu.

"Hapana," alisema Mwalimu.

"Hapana nini? Dume yuko tayari!"

"Dume usimsikilize." Sauti ya asali ilitoka, ile ya garini. "Dume yuko tayari mwaka mzima. Hata ukimwekea soksi atapanda. Ukitaka kujua kama wakati umefika, muulize jike. Na jike halazimishwi, kaka. Jike anasubiriwa."

Pasi alikuwa ameshafika kwenye pazia na sinia la chai. Akasimama hapo hapo. Mvuke ulimpanda usoni, naye hakuuhisi.

"Tazama alivyonona!" Kofia hakukata tamaa. "Umri anao, alishataga, si mwali huyu. Unangoja nini, aandike barua?"

"Unene si utayari. Hapo ndipo mnapowaua." Mwalimu alifungua sanduku, akamtoa Bi Mkubwa, akamtandaza mapajani. "Mafuta yanarudi haraka, nyama ndiyo inayochelewa. Lete kidole. Pita nacho hapa juu. Unausikia uti wa mgongo? Ukiusikia hivyo, jua bado. Jike aliyerudi ana mgongo wa mviringo, ukimshika ni kama umeshika mkono wa mtu wa kazi. Huyu tangu atage amejivua gamba mara moja tu likatoka zima. Mengine yote yalitoka vipandevipande."

"Lakini si anakula?"

"Anakula, ndiyo. Anatembea, anakunywa. Ukimtazama kwa nje utasema mzima. Ila cha ndani hukioni."

Maneno hayo Pasi aliyajua. Yalikuwa ya yule daktari mfupi, yalitamkwa mbele yao wote wawili, na miezi yote hii aliamini kwamba Mwalimu hakuyasikia. Kumbe aliyasikia. Aliyasikia vizuri, akayachukua, akaenda nayo moja kwa moja kwa nyoka.

Akaingia, akaweka sinia mezani. Hakuna aliyemtazama. Mwalimu alikuwa ameshapata joto, na mtu akishapata joto la kufundisha hata nyumba ikiungua atamaliza somo. Akaeleza kuhusu msimu wa mapumziko. Akaeleza namna ya kupapasa tumbo bila kuminya. Akaeleza kwamba yeye, hata Bi Mkubwa akinenepa kiasi gani, msimu huu hampandishi, na pengine hata ujao, potelea mbali.

Sauti iliyofuata ilimshangaza kila mtu.

"Na akipandishwa hivyo hivyo?"

Alikuwa mama mkwe. Kwa mara ya kwanza tangu alete lile sanduku lake, alikuwa amegeuza kiti. Mjukuu alikuwa amelala begani kwake, na macho ya yule mama yalikuwa juu ya mnyama ambaye siku zote alimfunika kitambaa.

Mwalimu alifurahi. Alidhani amepata mwanafunzi mpya. "Mayai yanakwama, Mama. Anasukuma mpaka nguvu zinamwishia. Au anayatoa, halafu hakuna cha kumrudisha. Wengine hufia juu ya mayai yao."

"Na anayetaga kila mwaka? Huu na huu na huu?"

"Anachakaa. Nimewaona kwa macho yangu. Ngozi inalegea, macho yanazama. Mtu mwenye utu hafanyi hivyo."

"Sasa wanaofanya hivyo ni watu gani?"

"Wenye tamaa, Mama. Wanataka mayai tu. Jike mwenyewe hawamwoni."

Pasi, ambaye kwa kawaida alimtazama mama mkwe kama mtu anavyotazama doa, alimwona anamhamisha mtoto kutoka bega moja kwenda jingine, polepole.

"Baba yako hakuwa na tamaa," mama mkwe alisema mwishowe. "Alikuwa mtu mwema, kila mtu alisema. Wewe ulikuwa hujaacha ziwa, tumbo la dada yako likatoka. Wa tatu nilimbeba nikiwa bado natembea nimeshika ukuta. Wa nne unajua."

Wote walijua, hata Kofia. Wa nne alizikwa hajapewa jina, na yule mama alikuwa hajawahi kumtaja mbele ya mgeni.

"Mama, hayo ni ya zamani."

"Hakuna aliyepitisha kidole mgongoni kwangu," alisema. Kisha akamgeukia mwanawe kabisa. "Mkeo ametaga lini?"

Kofia aliangua kicheko, akagundua anacheka peke yake, akakimalizia kwenye kikombe cha chai.

"Mama! Mtu na nyoka?"

"Nakuuliza."

"Usichanganye mambo, Mama. Mtu ni mtu. Mke wangu mzima, si unamwona? Anakula, anakwenda kazini, anarudi. Hili la Bi Mkubwa ni jambo jingine kabisa." Akampapasa yule chatu kwa mgongo wa kidole, taratibu, kwa mapenzi ambayo hayakuwa na unafiki hata chembe. "Huyu tukikosea anakufa."

Ndani ya foronya yule dume alijinyoosha, kitambaa kikatikisika kidogo sakafuni.

Pasi alikuwa amewahi kuifikiria hasira yake. Alidhani siku ikija itakuja na sahani kuvunjika. Haikuja hivyo. Alichohisi ni kwamba alimwona mumewe vizuri, kama shati lililotandazwa mezani chini ya taa, kila kunjo na kila doa, na akajua kwamba nguo hii hakuna maji yatakayoitakasa. Angekuwa mtu mbaya, angemwogopa. Huyu hakuwa mbaya. Alikuwa na huruma tele na maarifa tele, na katika yote hayo hakumbakizia mkewe hata kiasi cha kujaza kisoda.

"Mwalimu," alisema. Nyumbani hakuwahi kumwita hivyo. "Na mimi siku ile niliyopasuliwa nilikuwa nafanya nini? Nilisinzia?"

"Mke wangu, si mbele ya mgeni."

"Mgeni ameshaonyeshwa mgongo wa nyoka, sasa aone na huku. Nakuuliza. Damu ilipokuwa inanitoka, wakatoka kuulizia ndugu wa kutoa damu, wewe ulikuwa wapi?"

"Unajua nilikuwa wapi. Umeme ulikatika mtaa mzima. Ningemwacha hivyo, Bi Mkubwa angekufa kwa baridi."

"Kaka," Kofia alinong'ona, "nyamaza." Na Kofia akishaona aibu kwa niaba yako, ujue umefika mbali.

"Alikuja mdogo wangu kutoa damu," Pasi aliendelea. Pasi ilikuwa imechomekwa. "Akaja pia yule bwana wa kupokea nguo pale kazini, ambaye hata jina la baba yangu halijui. Wewe ulirudi na harufu ya taa ya mafuta. Nikasema moyoni, ana hofu, wanaume wana namna zao za kuhofu. Nikakutetea kwa watu! Kumbe unajua. Ndilo linalonichoma. Ningeishi na asiyejua, asiyejua maana haambiwi maana. Lakini wewe unajua kila kitu. Unajua kuliko daktari. Unajua kwamba mnene si mzima, unajua kwamba anayekula anaweza kuwa bado, unajua dume hana akili, umesema mwenyewe. Ukavimwaga vidonge vyangu chooni kimoja kimoja."

Mama mkwe aliinua kichwa. "Vidonge gani?"

"Muulize mwanao."

Mwalimu alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza asali haikutoka. Alimtazama mama yake, akamtazama mkewe, halafu, jamani, akamtazama nyoka, kama mtu anayetafuta msaada.

"Mimi nilisema sikulazimishi," alisema.

"Ulisema wapo wanaotaka. Nenda kawatafute. Ila ufanye na kwao ulivyofanya na huyu, uwapime kwanza." Pasi alimpokea mtoto begani kwa bibi yake. "Mimi mwezi huu sianzi. Wala ujao. Siku nikianza, nitakuwa nimeamua mwenyewe, na kama siamui, huyu mmoja ananitosha."

Akaenda chumbani. Hakubamiza mlango. Aliufunga vizuri, kama mtu mwenye nyumba.

Alimsikia Kofia akiaga haraka haraka, na foronya yake na dume wake aliyekosa bahati. Halafu sauti ya mama mkwe, kavu.

"Leo zamu ya Bi Mkubwa. Toa godoro la akiba stoo ulete hapa sebuleni."

"Mama, hii ni nyumba yangu."

"Ndiyo. Na sebule ni yako."

Godoro likaburuzwa. Pasi alilisikia likikwama mlangoni, likivutwa, likianguka sakafuni. Hakuchekelea. Alikuwa anafikiria kesho, maana maneno ya Jumapili ni matamu, lakini mwanamume akiwa na adabu Jumapili, Jumatano utamkuta ameshaisahau, na kidonge chochote kinachofichika kinaonekana.

Kwa hiyo Jumatatu aliomba ruhusa kazini. Alipotoka chumbani amejitanda, alimkuta mama mkwe kwenye mlango wa mbele, amevaa viatu vyake vya kutokea, mtoto kambeba mgongoni.

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Huko unakokwenda."

"Hujui ninakokwenda."

"Mwanangu, nimezaa. Najua."

Mwalimu alikuwa amekaa juu ya godoro, nywele zimelala upande mmoja, anawatazama. Hakuuliza. Walimpita.

Kliniki ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye benchi ukutani na picha za matumbo zilizopauka. Walikaa, wakisogea kila foleni iliposogea. Mama mkwe aliyashikilia magoti yake kama mtu aliyepanda gari asilolijua dereva wake. Zamu yao ilipofika, muuguzi aliwapokea, msichana mwenye kalamu sikioni na sura ya mtu anayejua mengi. Pasi akaeleza: kapasuliwa, damu, daktari kasema nini. Anataka sindano, ile inayokaa muda mrefu, isiyoweza kumwagwa chooni.

Muuguzi aliandika. Kisha, bila kuinua macho: "Mume anajua? Sisi hapa tunapenda mume aje, asije kutuletea fujo. Aje hata siku moja, akubali."

Pasi alifungua kinywa kumnyoosha, kola na mikono. Akawahiwa.

"Mume nimemzaa mimi," alisema mama mkwe. "Mchome. Nyumbani nitamwambia mwenyewe."

Muuguzi alimtazama yule mama, akamtazama Pasi, akatoa kalamu sikioni, akairudisha. Akaenda kuchukua sindano.

Walirudi kwa miguu, kwa upande wa barabara wenye kivuli. Mkono ulimuuma Pasi mahali alipochomwa, maumivu madogo, safi, ya kwake. Mtoto alilala. Walikuwa wamekaribia nyumbani mama mkwe aliposema, bila kumtazama:

"Usije ukadhani nakupenda."

"Sijadhani, Mama."

"Una ulimi mbaya. Na chai yako ni maji matupu."

"Na wewe una gubu."

"Ninalo." Akatembea kidogo. "Siku ile nguo zako nilifua mimi. Walinipa ndani ya mfuko, nikazileta nyumbani. Nikabadilisha maji, nikabadilisha tena, hayakutakata. Nikasema, akirudi hai huyu simwambii azae tena, naapa. Ukarudi hai. Nikasahau. Uchungu wa mwenzio haukai, mwanangu, unakauka kama maji ya kufulia."

Pasi hakujua hilo. Miezi yote alikuwa ameamini nguo zile zilitupwa hospitali. Alitaka kusema neno, akakosa la upole, maana hakuwa na mazoea nalo kwa mtu huyu.

"Ulitumia maji ya baridi?" aliuliza.

"Ya baridi."

"Ulifanya vizuri. Ya moto huigandisha damu kwenye kitambaa."

Mama mkwe aliitikia kwa kichwa. Akavuta mbeleko ikakaa sawa, na kwenye kona akatangulia mbele, kwa sababu ndiye aliyekuwa na la kumwambia Mwalimu watakapofika.